Zahanati ya Babu pale Ngamiani: tathmini niliyochelewa kuiandika

Mlango wa kijani umefungwa kwa kufuli tangu mwezi wa nane mwaka jana. Nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: "Daktari amefariki. Mwenye ukurasa wake humu agonge nyumba ya nyuma." Bado watu wanakuja. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Pongwe na mtoto mgongoni, akaisoma ile karatasi mara mbili, akakaa kwenye benchi la nje kama dakika kumi bila kusema neno, kisha akajifunga kanga yake vizuri akaenda kutafuta daladala. Nilikuwa nimesimama dirishani namtazama. Nilishindwa hata kumwita nimpe maji.

Ndiyo sababu naandika. Zahanati hii imetibu watu wa Tanga kuanzia 1992 na sijaona mahali popote ilipoandikwa. Kibao chake ni ubao mmoja wenye neno ZAHANATI kwa rangi ya buluu, na upepo wa chumvi umeshakula nusu ya herufi. Niseme mapema kwamba daktari mwenyewe alikuwa babu yangu mzaa mama. Atakayesema nampendelea ana haki ya kusema. Lakini nimekuwa mgonjwa wake tangu nizaliwe, na likizo zangu zote za sekondari nilikaa dirisha la kuandikisha, nikiwaona watu wanavyoingia na wanavyotoka. Mazuri yake nayajua, na makosa yake nayajua.

Mahali penyewe hapakupoteza mtu. Ngamiani barabara zetu zinaitwa kwa namba, na ukifika mtaani ukauliza "kwa Daktari", hata mtoto wa chekechea alikuonyesha kidole. Nje palikuwa na baraza, mabenchi mawili ya mninga, na baiskeli zimeegemezwa ukutani kama kawaida ya mji wetu. Ndani chumba cha kusubiri, chumba chake, chumba kidogo cha darubini kilichotazama mashariki, na dirisha la dawa alilokaa nesi wetu. Sakafu ya saruji nyekundu ilipigwa deki mara mbili kwa siku, na harufu ya dettol nikiisikia popote mpaka leo, miguu yangu inarudi pale.

Babu alisomea udaktari Muhimbili, akamaliza 1972. Serikali ikampeleka Handeni, kisha Newala, mwishowe ikamrudisha nyumbani Tanga, hospitali ya Bombo. Bibi anasema alikuwa na ndoto ya kufungua chumba chake tangu zamani, lakini hakuwa akiitaja mbele ya watu, maana sheria ya 1977 ilikataza matibabu ya binafsi ya kutafuta faida. Ilipobadilishwa mwaka 1991 na madaktari wakaruhusiwa tena, hakungoja. Mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali, akafungua akiwa na meza moja, kitanda kimoja cha chuma, na darubini aliyoinunua kwa akiba yake yote. Bibi alitaka cherehani. Walinunua darubini.

Nianze na mikono, kwa sababu kila aliyetibiwa pale, ukimwuliza, ataanza na mikono.

Mezani kwake ilikaa glasi ya chai ya tangawizi ambayo hakuinywa. Aliishika tu. Kabla ya kumgusa mtu tumbo aliizungushia viganja vyote viwili, akatulia kidogo akimsikiliza mgonjwa, akaiweka, akasugua viganja, ndipo akasogea kitandani. Ile chuma ya kusikilizia kifua nayo aliifumbata kwanza mkononi mpaka ipate joto. Nilikuwa na miaka kama tisa nilipomwuliza kwa nini hanywi chai yake mpaka inapoa. Akanivuta sikio taratibu. "Mke wangu, mkono wa baridi unamfanya mgonjwa akaze tumbo. Tumbo lililokazwa halisemi kitu." (Ndivyo alivyoniita, na Bibi alikuwa mke mwenzangu, kama ilivyo desturi kwetu pwani.) Glasi ikipoa, nesi aliichukua akaleta nyingine ya moto. Nimewahi kuhesabu glasi kumi na nne kwa asubuhi moja.

Swali lake la kwanza lilikuwa "Umelalaje?"

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni salamu tu. Nilipokua nikaelewa. Ukimwuliza mtu anaumwa nini, atakujibu kwa jina la ugonjwa alilopewa na jirani: malaria, taifodi, na siku hizi UTI, ambayo mjini hapa kila mtu ameshaambiwa anayo. Ukimwuliza amelalaje, anakueleza mambo aliyoyaona mwenyewe. Aliyesema amelala amekaa, kwa sababu akijinyoosha chali anakosa pumzi, huyo Babu alimwangalia moyo, akamminya vifundo vya miguu kuona kama kidole kinaacha shimo. Aliyeamka mara tano kukojoa alipimwa sukari, na kama ni mzee wa kiume aliulizwa habari za tezi dume kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Aliyelowesha shuka kwa jasho wiki ya tatu na huku anakohoa, siku hiyohiyo aliandikiwa barua ya kwenda kupimwa makohozi. Haya yote yalitoka kwenye swali moja ambalo halihitaji umeme wala mashine.

Baada ya hapo yalifuata maswali ambayo wengine yaliwaudhi. Mwaka wake wa pili kazini, 1973, ndio uliokuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu vijijini wakikusanyika kuizunguka redio wasikilize somo la maji, mbu na vyoo, wakitoka hapo wanakwenda kuchimba. Babu alikuwa Handeni, kijana mwenye ari, akizunguka vijijini kukagua mashimo. Somo lile halikumtoka tena. Miaka arobaini baadaye ukimpelekea mtoto anayeharisha, kabla hajamgusa alitaka kujua maji mnachota wapi, choo kiko upande gani wa kisima, nani anayempikia mtoto uji na ananawa wapi. Wapo akina mama waliojisikia kama wanashtakiwa. Mmoja alinong'ona nikamsikia: "Nimekuja na mtoto mgonjwa, ananiuliza choo." Lakini mama huyohuyo hakutoka pale mpaka ajue kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mkono wake mwenyewe. Kulikuwa na chupa ya lita moja, kopo la sukari, kopo la chumvi na kijiko cha chai. Vijiko sita vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chumvi. Babu alisimama pembeni mikono nyuma. Mama akimaliza, alimwambia aonje. "Ikizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya." Nimewaona wanawake wazima wakianza upya mara tatu, na hakuna aliyeondoka hajapatia. Ukimpa mtu pakiti tu, alisema, pakiti ikiisha usiku wa manane atafanya nini?

Sasa habari ya homa, ambayo ndiyo iliyomletea maadui na ndiyo iliyomletea watu.

Miaka ya tisini kila homa ilihesabiwa malaria. Mtu alipita duka la dawa baridi, akanunua klorokwini, akawashwa viganja na nyayo usiku kucha, asubuhi akasema dawa imefanya kazi. Kwa Babu hukupewa dawa ya malaria bila damu yako kupita kwenye darubini. Alikuchoma kidole, akapaka tone kwenye kioo, akaliacha likauke, akalimwagia rangi ya zambarau, akasubiri. Darubini yake ilikuwa na kioo kidogo chini cha kunasa mwanga wa jua, ndiyo maana kile chumba kilitazama mashariki, na umeme ukikatika kazi haikusimama. Siku moja alininyanyua nikachungulia. Niliona uwanja wa rangi ya waridi umejaa duara duara, na ndani ya baadhi ya duara hizo kitu kama pete nyembamba yenye kito cha zambarau. "Hao ndio wanaomtetemesha yule kaka pale nje," akasema. Nikatoka kumtazama yule kaka aliyejifunika shuka juani. Mpaka leo nikisikia neno malaria naona zile pete.

Klorokwini iliondolewa 2001 ikaja dawa nyingine ya malaria, SP, halafu 2006 ikaja dawa mseto, na vipimo vya haraka vya tone la damu na mistari vikafuata. Babu alivipokea kwa moyo mmoja. Alisema laiti angekuwa navyo Newala. Lakini msimamo ulibaki palepale: kipimo kikisema huna, hupewi. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Watu wetu wengi hawajioni wametibiwa mpaka wachomwe sindano, au angalau watoke na bahasha tatu za vidonge. Nakumbuka baba mmoja aligonga meza: "Nimelipa, halafu nitoke mikono mitupu?" Babu akachukua karatasi akamwandikia kwa herufi kubwa mambo matatu ya kumwangalia mtoto usiku ule: akishindwa kunyonya, akipata degedege, akipumua haraka mpaka mbavu zinaingia ndani. "Ukiona moja katika haya, usingoje kuche, nigongee mlango. Usipoona, niletee kesho kutwa nimwone. Hulipi."

Na usipomleta kesho kutwa, alikuja yeye. Jioni baada ya Alasiri alipanda Phoenix yake nyeusi, mkoba umefungwa nyuma kwa mpira, akapita Makorora, Mabawa, Msambweni, popote palipokuwa na mtu ambaye hakurudi. Hakuingia ndani kama hukumkaribisha. Alisimama mlangoni akapiga hodi, akauliza "Amelalaje?", akijibiwa vizuri akageuza baiskeli. Sijakutana na huduma hiyo mahali pengine popote, ya kulipia wala ya bure.

Nilikuja kuipima vizuri nilipokuwa mbali nayo. Nilihamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, nikapanga chumba Tabata, mwezi wa pili nikaanza kukohoa. Wiki tano. Nikaenda kwenye kituo kimoja cha binafsi, kizuri kwa macho, viti vya ngozi na televisheni ukutani. Daktari alikuwa na macho kwenye kompyuta tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Sidhani kama angenitambua nje. Nilichomwa sindano, nikapewa dawa za nimonia za siku saba, nikalipa zaidi ya elfu themanini, na kikohozi kikabaki. Usiku nikampigia Babu. Akataka kujua kikohozi kinakuja saa ngapi. Saa kumi alfajiri, kila siku. Dirisha lako linatazama nini? Nikainuka kitandani na simu sikioni, nikafungua pazia. Chini palikuwa na banda la mama ntilie, na saa kumi alfajiri ndipo alipowasha majiko yake ya mkaa, matatu kwa mpigo. Babu akanyamaza kidogo. "Mke wangu, hiyo ni pumu yako ya utotoni. Ilikuwa imelala, moshi umeiamsha. Hamisha kitanda, na kesho nenda ukapulize kipimo wakupe dawa ya kuvuta." Nilipona. Alikuwa Tanga, kilomita zaidi ya 300, hajanigusa.

Makosa sitayaficha, maana yeye mwenyewe alichukia mgonjwa anayeficha.

Foleni ilikuwa ndefu kupita kiasi. Tulitumia vibao vidogo vya namba alivyotuchongea fundi seremala jirani, kimoja hadi arobaini, na aliyepata kibao cha thelathini aliweza kukaa mpaka Magharibi. Babu alipenda kuzungumza na kila mtu kama ndiye mgonjwa wa pekee siku hiyo, na wa mwisho ndio waliolipia. Nesi alijua kumpitisha mbele aliyezidiwa, lakini mama mjamzito mwenye miguu imevimba kukaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne si jambo la kusifiwa. Bima hakupokea mpaka mwisho. Alisema makaratasi yake yatamla muda wa wagonjwa, na watu waliokuwa na kadi zao za bima walilazimika kutoa fedha taslimu. Alikuwa mkali pia. Mama aliyemkatizia mtoto dozi nusu kwa sababu amepata nafuu alisemwa mbele ya foleni nzima, na najua wawili walioacha kuja kwa aibu. Hao walihitaji faragha kama yule mzee wa tezi dume.

Kosa kubwa ni lile linaloonekana sasa kwenye kufuli. Hakuacha mtu. Walikuja madaktari vijana wawili kwa nyakati tofauti, wenye elimu nzuri, mmoja akakaa miezi saba, mwingine hata hiyo hakufika. Babu alisimama nyuma yao akiwauliza maswali mbele ya wagonjwa, kama mwalimu na mwanafunzi. Alidhani anafundisha. Wao walijiona wanavunjiwa heshima, wakaondoka, na siwalaumu. Nilimwambia mara moja. Akanijibu, "Watakaa wakizoea," na hakuna aliyekaa.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano, na hiyo moja naiondoa kwa uchungu.

Mama yangu anampa pungufu ya hapo, na ana sababu. Alipougua surua akiwa na miaka minne, Babu alikuwa vijijini huko Newala akichanja watoto wa wenzake. Bibi ndiye aliyemkesha siku sita, macho yamefunga kwa tongo, hajui kama mtoto atabaki na uoni wake. "Baba yangu alikuwa baba wa watu," Mama husema, na hasemi kwa kusifu. Lakini ndiye aliyemwosha miguu kila jioni mwaka wake wa mwisho, na hakukubali mtu mwingine amshikie beseni.

Malipo. Kumwona daktari kulikuwa shilingi elfu tano miaka ya mwisho, dawa mbali, na asiye nazo aliandikwa. Matibabu yote Babu aliyaandika kwa wino wa buluu katika madaftari makubwa ya jalada gumu, kila familia na ukurasa wake. Madeni aliyaandika nyuma ya daftari kwa penseli. Kila mwaka, siku moja kabla ya Ramadhani, aliniita chumbani kwake akanipa raba. "Futa ukurasa wa nyuma." Nilikuwa nafuta mpaka mkono unauma, vumbi la raba limejaa mezani, yeye anasoma gazeti kana kwamba hakuna kinachotendeka. Mwaka mmoja niliona jina la mtu tajiri, mwenye malori. Nikamwonyesha. Akatazama, akasema, "Futa naye. Ukianza kuchagua hutamaliza."

Alifariki alfajiri ya Jumatano, tukamzika baada ya Alasiri. Umati ulijaa barabara mpaka baiskeli zikakosa pa kupita. Mjomba alisimama kama ilivyo ada, akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia. Hakujitokeza mtu wa kudai. Badala yake, siku zote za matanga, watu waliingia barazani mmoja mmoja, wakamnong'oneza Mjomba kwamba wao ndio wanaodaiwa: elfu kumi na mbili ya 2009, elfu nane ya mwaka mtoto alipoungua, sindano tatu ambazo hazikulipwa. Mjomba akanituma nikayalete madaftari. Nikafungua kurasa za nyuma, nikawaonyesha. Hakuna kitu. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mifereji ya penseli, jina na tarakimu, lakini deni halipo. Mzee mmoja wa Duga alipitisha kidole juu ya ile mifereji kama anayesoma kwa kupapasa, akaanza kulia kwa sauti.

Baada ya hitma ndipo walipoanza kuuliza kurasa zao. Sikuwa nimelifikiria hilo. Madaftari yako sitini na moja. Mtu mwenye presha ya miaka ishirini anakwenda kuanza kliniki mpya, Bombo au kwingineko, ataeleza nini? Tukakubaliana na Mjomba: ukurasa anapewa mwenyewe, au mwanawe kama mwenyewe ametangulia, na hakuna mwingine anayeusoma. Nakata kwa wembe na rula. Mpaka sasa nimeshatoa mia mbili na kitu. Nawaomba mliopona pale mje, Jumamosi nipo kuanzia saa tatu asubuhi, na mkiupata msiuweke kabatini, mpelekeeni daktari wenu mpya. Mumkumbushe na kuuliza mmelalaje, kama hatauliza.

Alikuja fundi baiskeli wa mtaa wa tatu kuchukua ukurasa wa marehemu mama yake. Akausomea palepale kwenye benchi, kisha akanigeuzia, ananionyesha kwa ridhaa yake. Babu alikuwa ameandika sukari, uzito, dozi, tarehe. Na chini, kila alipokuja kwa miaka mitatu, mstari mmoja: "Halali vizuri. Anamwaza mwanawe aliye Mombasa." Halafu tarehe ya 2014: "Amelala. Mwanawe amerudi." Yule fundi ndiye mwana mwenyewe. Akaniambia mama yake hakuwahi kumweleza hata siku moja.

Pale matangani kila mtu alikuwa na msemo wake, na uliorudiwa zaidi ni "mganga hajigangi". Moyo ndio uliomchukua, na watu walisema angejitazama kama alivyotutazama angekuwepo. Nami niliamini hivyo, nikamkasirikia nikiwa chini ya kanga yangu, Mungu anisamehe. Mpaka mwezi wa kumi, nilipofika daftari la mwisho nikiwa natafuta ukurasa wa mtu mwingine.

Ukurasa ule hauna jina la familia. Umeandikwa "Mwenye daftari", umri 79, na kila Jumatatu kuna mstari, kwa miaka miwili, bila kuruka hata wiki moja. Presha, uzito, vifundo vya miguu. Vidonge vya kutoa maji, asubuhi kimoja, baadaye viwili. Mara mbili ameandika alikwenda kuonwa na daktari wa moyo na alichoambiwa. "Apunguze chumvi." "Apunguze baiskeli." Wiki mbili baadaye: "Hakupunguza baiskeli." Na kila mstari ulianza na neno lilelile. Amelalaje: mto mmoja. Amelalaje: mto mmoja. Mwezi wa pili, mito miwili. Mwezi wa tano, mito mitatu. Mwezi wa saba: amekaa kitini, karibu na dirisha.

Wote ulikuwa kwa penseli.

Niliuchukua nikampelekea Bibi chumbani, alikuwa bado kwenye eda, amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake. Nilidhani hajui. Akavaa miwani, akausoma taratibu kutoka juu, kidole kinafuata mistari, akafika mwezi wa tano akasimama.

"Ule wa tatu ulikuwa wangu," akasema.